Gari la Babu na Ada ya Skuli

Akina mama wenzetu, karibu kila nyumba ina kitu kimoja cha zamani ambacho bwana hataki kusikia kikitajwa kuuzwa. Kwa wengine ni redio kubwa ya mbao, kwa wengine ni cherehani ya marehemu mama yake, na hapa Mji Mkongwe nyumba nyingi zina Vespa iliyomzidi umri kijana anayeiendesha. Nyumbani kwetu Mbweni ni gari. Tena si gari la kubebea mchele na watoto, ni gari la mbio: Datsun 240Z, la chini, lenye pua ndefu na viti viwili tu. Watoto wetu ni wanne. Hesabu hiyo mtaifanya wenyewe.

Lilinunuliwa na baba mkwe alipokuwa akifanya kazi Mombasa, akavuka nalo kuja Unguja alipostaafu. Waliokua zama zile watazikumbuka mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ambazo kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600, mwaka 1971 akashinda tena kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, kijana aliyekulia Uganda, akalipatia gari hilo ushindi wa pili. Kwa hiyo baba mkwe hakununua chuma peke yake. Alinunua ile Pasaka aliyosimama kando ya barabara, uso umejaa vumbi, gari likampita.

Huko Japani kwenyewe gari hili liliuzwa kwa jina la Fairlady, yaani bibi mrembo. Basi si ajabu kwamba tumeishi naye miaka yote hii kama mke mwenza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Jumapili moja tulikuwa tukienda ibadani Mkunazini, baba watoto kwenye usukani, sisi pembeni yake na kitinda mimba mapajani (jambo ambalo hatulifanyi tena), wakubwa wametangulia kwa daladala. Tulipokuwa tukiteremka Kilimani kuelekea Mnazi Mmoja, alikanyaga breki, na pedali ikazama polepole mpaka karibu na sakafu, kama mguu unaoingia kwenye matope. Alipiga tena mara mbili ikashika kidogo, akashusha gia, akavuta breki ya mkono, gari likasimama kandoni. Hatukusema neno. Mtoto alikuwa akiimba.

Fundi alisema ni masta ya breki, ile silinda kuu inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni. Nje haikuvuja hata tone. Ndani, mipira yake ilikuwa imelika na ukuta wa chuma umeliwa na kutu. Hili tulijifunza kwake na tunawapa nanyi, hata kama gari lenu ni la juzi: ukiishikilia pedali kwa mguu na ikaendelea kuzama yenyewe, usiliendeshe. Na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, nasi wa pwani tunaujua unyevu. Maji hayo ndiyo yanayoleta kutu ndani, na breki zikipata moto huchemka, breki zikapotea. Ni vema mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, si kuongezwa tu. Wako wanaojaza maji ya sabuni, wako wanaojaza oili ya injini. Oili huvimbisha mipira mpaka inaharibika. Ukimwona mtu anafanya hivyo kwenye gari litakalobeba wanao, mzuie.

Masta hiyo ikatafutwa. Gari hili lilitengenezwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, na kwenye maduka ya spea ya mjini jibu lilikuwa kicheko. Muuza duka mmoja aliuliza kwa adabu kabisa, "Mama, hilo gari bado lipo?" Kampuni ya Nissan mwaka 2017 ilianza kutengeneza upya baadhi ya vifaa vya magari yake ya zamani, lakini ilianza na Skyline GT-R, gari la watu wengine kabisa. Fundi mwingine alitaka kutukatia mipira kutoka kwenye tyubu ya lori. Tulimshukuru, tukaondoka.

Kisha pakawa kimya nyumbani. Baba watoto aliacha kulitaja gari, nasi tukadhani amekata tamaa, tukafurahi kidogo kwa siri. Kumbe alikuwa amempata dalali Dar es Salaam aliyeahidi kukileta kifaa kutoka nje, na alikuwa amekwisha kumpa shilingi laki nne. Laki nne hizo zilikuwa za upatu wetu. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya ada na sare za binti yetu mkubwa.

Tuligundua siku ya kulipa. Hatutaeleza yaliyosemwa usiku ule. Mwenye ndoa anayajua, na asiye na ndoa hatufai tumtishe. Ila tuseme hili: kifaa kilipofika kwa boti, kilikuwa si chake. Kilikuwa cha gari la ukoo ule ule lililotoka baadaye, na tundu lake lilikuwa pana zaidi. Dalali aliagiza kwa jina la gari, hakuagiza kwa kipimo. Fedha hazikurudi. Binti alianza muhula kwa sare ya kuazima kwa binti wa jirani, na alipokuwa akiivaa mbele ya kioo hakulalamika, jambo lililomuumiza baba yake kuliko maneno yetu yote.

Siku chache baadaye, kwenye kikundi chetu cha akina mama, somo lilikuwa Luka 15, yule mama aliyepoteza shilingi yake moja akawasha taa na kufagia nyumba yote. Mwenzetu mmoja, mcheshi, alisema: "Na bwana wako naye anatafuta, ila anafagia kwa fedha za watu." Tulicheka mpaka machozi. Lakini mzee mmoja wa kikundi hakucheka. Alituuliza kama tuliwahi hata siku moja kukaa na baba watoto tukamuuliza gari hilo ni nini kwake. Hatukuwahi. Tuliliita kopo mbele ya watoto, na mtu hawezi kuomba fedha za kutengeneza kopo, basi akazichukua.

Hatusemi kwamba alifanya sawa. Alikosa, na alikiri, tena mbele ya binti. Ila nasi tulikuwa tumefunga mlango ambao angepitia.

Tukanunua daftari. Kila kitu cha nyumba kinaandikwa humo kwa mpangilio, kilicho juu hulipwa kwanza, na gari lina mistari yake kama lilivyo paa na kama ilivyo dawa ya bibi. Sharti letu sisi lilikuwa moja: breki, usukani na tairi havitafutiwi cha rahisi. Visipopatikana vya kweli, gari likae bandani. Sharti lake yeye lilikuwa tusiliite kopo.

Mwenzetu mwingine wa kikundi alikuwa anakwenda Nairobi kumwangalia binti yake aliyejifungua. Akajitolea. Safari hii hatukumpa jina la gari. Tuliiosha masta ya zamani, tukanakili namba iliyochorwa kwenye chuma chake, fundi akapima kipenyo cha tundu kwa kalipa: saba ya nane ya inchi. Tukaifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, akaondoka nayo pamoja na nguo za mtoto.

Alikwenda barabara ya Kirinyaga, iliyojaa maduka ya spea. Anasema maduka mawili ya kwanza walimwangalia kama aliyebeba mfupa wa dinosa. La tatu lilikuwa la mzee aliyeiona, akainuka bila kusema, akarudi na boksi lililofifia maandishi. Ndani ilikuwemo masta mpya ya gari lile lile, haijawahi kufungwa, imekaa rafuni miaka na miaka. Mwenzetu alitaka kulipa palepale. Mzee akamzuia. Alimwambia chuma ni kizima, lakini mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi, na mipira ya humo ilikuwa imekwisha kukakamaa. Akampa namba ya kipimo na kumwelekeza duka la jirani anunue mipira iliyotengenezwa karibuni, ya kipimo kile kile ingawa ya gari jingine. Vyote viwili havikufika nusu ya laki zile nne. Duka hilo lingeweza kumuuzia boksi na kunyamaza, na sisi tusingejua mpaka siku ya Kilimani nyingine.

Fundi wa Mwanakwerekwe aliifunga Jumamosi. Msaidizi wake hakuwepo, kwa hiyo kazi ya kutoa upepo kwenye breki tuliifanya sisi, kiatu tumevua, fundi yuko chini ya gari akipiga kelele: "Kanyaga mama! Shikilia! Achia!" Gurudumu hadi gurudumu, mpaka mafuta yakatoka bila mapovu. Pedali ikawa ngumu kama inavyopaswa. Baba watoto alisimama kando ameshika chupa ya mafuta ya breki, hana la kufanya.

Ada ililipwa muhula uliofuata, na sare ikashonwa. Fedha zake zilitoka kwenye redio ya kaseti ya gari hilo, ambayo baba watoto aliiuza mwenyewe bila kuombwa.

Baadaye injini nayo ilianza kula oili. Safari hii tulikaa mezani kabla ya mtu yeyote kupiga simu. Fundi alitueleza jambo tulilolipenda: injini ya 240Z ina silinda 6 na ile ya Datsun 1600 ina 4, lakini upana wa pistoni ni ule ule, milimita 83, maana zimezaliwa nyumba moja. Alipima unene wa pete za pistoni, akaona zile za injini ndogo zinaingia. Pete zinauzwa seti ya pistoni 4, kwa hiyo ilibidi tununue seti mbili, na za pistoni 2 zilizobaki tumezifunga kwenye karatasi yenye mafuta, ziko kabatini nyuma ya sahani za wageni.

Tumeacha pia kuliosha kwa maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi. Linaoshwa kwa ya bomba, siku yakitoka, baada ya ndoo za kupikia kujazwa.

Juzi kioo cha taa ya nyuma, upande wa kushoto, kimepasuka kwa embe. Kimeandikwa daftarini, mstari wa nne, chini ya viatu vya skuli.