Maalim Seif hakushindwa bure

Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita bila kutangazwa mshindi, na wapo wanaomwita bingwa wa kushindwa. Hesabu hiyo ni finyu. Mwaka 1995 matokeo rasmi yalimpa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour. Mwaka 2010 alipata 49.1. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa. Karibu nusu ya wapiga kura hawapuuziki, ndiyo maana Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa 2010 kuruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Watasema mwaka 2020 alipewa asilimia 19.9 tu, matokeo aliyoyapinga. Ni kweli, lakini hata hizo zilimrudisha serikalini kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kura zake ziliwalazimisha washindi kugawana madaraka.