Sufuria zikishikana, tusizipige

Tukimaliza matanga tunakuwa tumechoka. Tunaosha sufuria za kikundi mbio mbio, tunazipanga moja ndani ya nyingine zikiwa bado na moto na maji. Kesho yake hazitoki. Tunachukua jiwe, tunapiga, na sufuria inabonyea ao inatoboka. Nani atailipa?

Sufuria ikipata moto inapanuka kidogo. Ikipata baridi inajikaza. Basi tumimine maji baridi ndani ya ile ya juu, na ile ya chini tuiweke ndani ya beseni ya maji ya moto yasiyochemka. Tungoje dakika chache. Mama mmoja ashike ya chini, mwingine azungushe ya juu pole pole, kushoto na kuume. Tusiziweke jikoni: maji yaliyofungwa katikati yanageuka mvuke, yanaweza kutuchoma.

Zikitoka, tuzikaushe vizuri, na kila tunapozipanga tutie katikati kitambaa ao jani kavu la mgomba. Hapa Kibua tunajua kuhama kwa ghafula. Mama aliyekimbia na watoto hana sufuria nyingine ya kupikia.