Simu zinazofanana kama pacha: uchukue ipi?

Haya, leo tuzungumzie simu. Pita madukani Migori mjini, au Homa Bay upande wa stendi, utazame kwenye kabati za vioo. Utaona simu kibao zenye sura moja: pete tatu za kamera mgongoni kama iPhone, kingo bapa, rangi ya dhahabu. Muuzaji atakwambia hii ina RAM 12, ile ina 8, basi chukua hii. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la programu, ni hili: nichukue ipi?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna simu bandia, na kuna simu za bei nafuu zinazofanana. Si kitu kimoja.

Bandia ni ile iliyoandikwa Samsung Ultra lakini inauzwa kwa bei ya mbuzi mmoja. Ndani mara nyingi utakuta prosesa ya MT6580 ya MediaTek, ya mwaka 2015, isiyojua hata 4G. Ila juu ya skrini kuna alama ya 5G! Na kwenye mipangilio imeandikwa RAM GB 16, ilhali iliyomo ni 1. Ndugu msomaji, maandishi hayo hayapimi chochote. Yanasomwa kutoka kwenye faili, na faili huhaririwa. Kwa mtu wa fani yangu hiyo ni kazi ya dakika chache.

Wakenya tumeshaonja matokeo yake. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 tume ya mawasiliano, wakati huo ikiitwa CCK, iliagiza simu bandia zizimwe, na karibu simu milioni 1.9 zikabaki vioo vya kujitazamia. Kisha ikaja ya ushuru: kwa mujibu wa agizo lililoanza tarehe 1 Januari 2025, kampuni za simu zilitakiwa kuhakikisha kuwa simu mpya imelipiwa ushuru kabla ya kuiunganisha. Hili liliwahusu sana wanaovuka Isebania kwenda kununua Sirare kwa sababu kule ni rahisi. Rahisi mpaka lini?

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa bonyeza *#06#, ulinganishe namba za IMEI na zile za kwenye boksi. Halafu fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, uone kama simu imeidhinishwa na Play Protect. Muuzaji akianza kuharakisha mambo, mrudishie simu yake.

Sasa tuje kwa zile halali, maana hapa ndipo watu wengi wanapoungua bila kujua. Nichukue mfano wa simu tatu zilizotoka kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024: Tecno Pop 8, Infinix Smart 8 na itel A70. Waliozifuata wana tabia zilezile, kwa hiyo mfano haujachacha. Zote skrini inchi 6.6, zote betri 5000mAh, zote Android 13 ya Go, zote zina kile kiduara cha juu kinachotanuka kuiga iPhone 14 Pro. Zilipotoka zote zilikuwa chini ya shilingi 15,000. Na usishangae: Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Baba mmoja, majina matatu. Watu wanabishana kwenye matatu ipi ni kali, faida inakwenda nyumba moja!

Tofauti basi iko wapi? Hiyo "RAM 12" ya A70 ni GB 4 halisi na 8 za kuazima. Simu inakata sehemu ya hifadhi yako, ile ya picha na nyimbo, na kuitumia kama memori ya akiba. Hifadhi ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, kwa hiyo ile 8 haikufanyi uwe na 12. Naliona hili kazini. Mama anayeuza omena Sori au Mbita anaandika hesabu kwenye programu, anakwenda WhatsApp kunakili namba ya mteja, akirudi programu imeanza upya na alichoandika hakipo. Atalaumu programu. Kumbe Android imeifunga ili ipate nafasi. Sisi waandishi wa programu tunapaswa kuhifadhi kazi yake kila hatua, hilo nakubali, lakini simu ya GB 3 inatubana kwelikweli.

Kwa hiyo uliza moja tu: RAM halisi ni ngapi? Matoleo haya huja ya 3 na ya 4. Chukua ya 4, hata ikibidi usubiri mwezi mmoja zaidi. Pete za kamera zisikuzuzue, inayopiga picha ya maana ni moja. Kati ya hao watatu, Pop 8 na Smart 8 zina prosesa ya T606 iliyo na nguvu kuliko T603 ya A70, na skrini zake ni za 90Hz. Mimi ningechukua mojawapo ya hizo kwa kazi ya duka. A70 ningempa mtu wa kuhifadhi video, maana kuna ya hifadhi ya GB 256.

Na kama unachukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, kumbuka simu hujifunga ukichelewa. Laini unaweza kuihamishia kwenye ile mulika mwizi yako ya zamani, *334# ya M-Pesa inafanya kazi humo vizuri kabisa. Usiiuze.