Lenzi ya Mamilioni Juu ya Fimbo ya Elfu Thelathini, Halafu Dogo Ndo Alipe?

Wadau wangu wa Bukoba na Muleba, leo sina ubuyu wa mapenzi. Leo nina hasira. Jina sitaji, maana sitaki kesi, ila mwenyewe akisoma atajijua.

Kuna bosi mmoja wa picha hapa mjini. Harusi kubwa zake, sendofu zake, na siku za mechi Kaitaba utamkuta pembeni ya uwanja na lenzi ndefu kama bomba la moshi. Anaiposti kila wiki, "zana za kazi". Sawa, mwenye nacho aringe. Mimi shida yangu iko chini ya hiyo lenzi. Ni 150-600, yenyewe tu kilo 2 hivi, weka na kamera unakaribia kilo 3. Sasa imesimama juu ya nini? Kifimbo cha elfu thelathini, kile cha kurekodia video kwa simu, na kichwa cha gololi kidogo kama ndimu!

Juzi kamtuma dogo mmoja wa Kamachumu anayejifunza kazi kwake, akapige picha za ndondo huko huko Muleba. Dogo kafunga vifaa kama alivyokabidhiwa. Mwanzoni freshi tu. Winga kachomoka na mpira, dogo kageuka kumfuata, kichwa kikalegea, lenzi ikalala upande kwa kishindo, skrubu ikang'oka. Chini. Sasa hivi lenzi haifokasi.

Hukumu ya bosi: laki nane, utakatwa kila kazi mpaka iishe. Dogo analipwa elfu ishirini kwa kazi. Piga hesabu mwenyewe. Kazi 40 bila kutia shilingi mfukoni. Nauli ya Kamachumu atalipa nani?

Nauliza hadharani: kosa la nani hapa?

Bosi anasema dogo hakukaza. Bosi, wewe ndiye hukukaza ubongo. Beba ndoo ya maji ukiwa umeibana karibu na mwili, unatembea nayo vizuri tu. Sasa nyoosha mkono mbele uishike ndoo hiyo hiyo. Maji hayajaongezeka, lakini mkono unatetemeka. Lenzi ndefu ndivyo inavyokitesa kichwa cha stendi. Mguu unaweza kubeba uzito ukisimama wima, lakini lenzi ikianza kuinama, anayeumia ni kichwa. Na gololi inazunguka kila upande, kwa hiyo ikilegea kidogo tu, mzigo wote unaanguka pembeni. Hata ukaze mpaka vidole viote sugu, ukitaka kumfuata mchezaji lazima ulegeze. Ukilegeza, imelala. Huo mtego kautega nani?

Watakuja wapambe wake hapa: "Mbona yeye anaitumia Kaitaba kila siku na haijaanguka?" Jamani, anayevuka barabara amefumba macho akafika salama hajatufundisha kuvuka barabara. Yeye mkono wake mmoja hautoki kwenye lenzi kwa sababu anajua kile kichwa ni kibovu. Dogo kaambiwa? Kama ulijua ukanyamaza, deni ni lako.

Wengine watasema vifaa vizuri ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini aliyepata mamilioni ya lenzi asituambie amekosa hela ya kichwa. Hela ilikuwepo, ila kichwa hakipati laiki. Lenzi inaonekana kwenye picha, stendi haionekani. Huo ndo ugonjwa wetu. Na sisi ndo tunaitwa nshomile! Waitu, basi tusome hata ile karatasi ya uzito inayokuja ndani ya boksi.

Sasa kwa vijana mnaoanza, sikilizeni, maana huyo bosi hatawaambia.

Kwanza, uzito. Jumlisha lenzi na kamera, halafu tafuta mguu na kichwa vilivyoandikwa vinabeba angalau mara mbili ya hapo. Kilo 3 zako, tafuta kilo 6 kwenda juu. Vyote viwili, maana mguu imara wenye kichwa legelege ni kazi bure.

Pili, kichwa. Kwa stendi ya mguu mmoja huhitaji gololi. Tafuta kichwa kinachoinama mbele na nyuma tu. Kwenda kushoto na kulia unazungusha mguu wenyewe. Ukitaka picha ya wima, unalegeza ile pete inayoshika lenzi na kuizungusha lenzi ndani yake. Sasa niambie, kuanguka pembeni kutatokea wapi? Ila kabla hujalipa, angalia kibanio kinashika pleti kwa mwelekeo gani. Pleti ya lenzi inalala kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo vichwa vingine lazima ufungue kibanio na kukigeuza robo duara, la sivyo lenzi itainama ubavu badala ya mbele.

Tatu, funga kwenye kimguu cha lenzi, sio kwenye kamera. Ukifunga kamera, kilo 2 zote zinaning'inia kwenye mdomo wa kamera. Kisha sogeza pleti mbele na nyuma mpaka ukilegeza kichwa kidogo lenzi itulie yenyewe. Na skrubu inayounganisha mguu na kichwa iwe ile nene, ya inchi 3/8, sio ile nyembamba ya 1/4.

Nne, mguu. Vipande vichache vinatikisika kidogo kuliko vingi, na ufike usawa wa jicho lako bila kuchomoa kile chembamba cha mwisho. Kaboni ni nyepesi, alumini ni nafuu, zote zinafanya kazi. Kaitaba ni nyasi bandia, kwa hiyo chini weka mpira, usichome uwanja wa watu kwa msumari. Ukinyeshewa, na huku kwetu utanyeshewa tu, fungua vipande ufute maji na mchanga. Ukiwa kwenye boti kufuata ndege ziwani, usiusimike mguu sakafuni injini ikiwaka, mtikisiko wote unapanda kwenye picha.

Tano, na hii ni bure: usiache mkanda wa lenzi begani, hata stendi iwe ya bei gani. Mguu mmoja haujisimamii wenyewe. Miguu yako miwili ndo inaukamilisha kuwa mitatu.

Haya, turudi kwa bosi. Burigi-Chato imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na sehemu yake iko Muleba hiyo hiyo. Kazi za lenzi ndefu zipo, na vijana wa kuzifanya wapo. Lakini wakifundishwa kwa kukatwa hela za kosa la mwalimu, watarudi kuendesha bodaboda na wewe utabaki unalalamika vijana wa siku hizi hawataki kazi.

Chana hilo deni. Kama unaona dogo alizembea, basi mpige faini ya uzembe wa kawaida, yaishe. Laki nane zitoe mwenyewe, ni karo yako ya kujifunza kwamba lenzi na kichwa cha stendi vinanunuliwa pamoja.

Na wewe unayejifunza kazi kwa mtu: kabla hujapokea kifaa, kitikise mbele yake. Kikicheza, sema hapo hapo, akiwepo shahidi. Asipokisikiliza, kiache mezani kwake.

Nimemaliza. Povu ruksa hapo chini, ila uje na hoja.