Karnivali ya Köln na watoto wetu

Kila mwaka Waislamu wenzetu wanaoishi Köln, Ujerumani, hukabiliwa na suala hili: chekechea huwataka watoto waje wamevaa mavazi ya kujigeuza siku za karnivali, shamrashamra zinazotangulia Kwaresima ya Wakristo. Je, mtoto wa Kiislamu abaki nyumbani?

Wako masheikh wanaokataza kabisa, kwa kutegemea Hadithi ya kujifananisha iliyopokewa na Abu Daud, nasi tunawaheshimu. Ama ulevi wa njiani Jumatatu ya msafara mkuu, huo hauhitaji fatwa. Lakini aya ya 8 ya Suratul Mumtahina haikutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita, na jirani anayemrushia mwanao peremende hajampiga vita yeyote. (Peremende zenyewe zitazamwe, baadhi zina jelatini ya nguruwe.) Kumfungia mtoto ndani bila maelezo, tunachelea, kutamfanya aionee haya dini yake.

Basi wazazi wamwendee mwalimu mapema, wamweleze kwa adabu mtoto atashiriki lipi na lipi hatashiriki. Mwaka 2026 Ramadhani iliingia siku chache tu baada ya Jumatatu hiyo; mwalimu aliyezungumzwa naye vyema hakushangaa kumwona mama wa mtoto amefunga.