Pikapu ya Kazi Haichaguliwi kwa Macho ya Jirani

Sisi hatuuzi magari. Kazi yetu ni pesa zinazopita kwenye simu yako. Lakini pesa za viazi au maziwa zikishaingia, swali linalofuata kwa wateja wengi wa Nakuru ni moja: "Sasa si ninunue pikapu?" Na kwa kuwa hilo ndilo gari linaloweza kumaliza akiba ya miaka mitano kwa siku moja, tuna maoni, na tutayasema wazi. Wengi wananunua pikapu kubwa kuliko kazi yao, wananunua mapema mno, halafu wanalipa kwa njia isiyo salama.

Pita Milimani asubuhi uone dabo kebini zikitoka getini. Zimeoshwa, zinang'aa, na sehemu ya mizigo haina hata mkwaruzo. Hakuna ubaya, mwenye gari ana mshahara wake na amechagua anachopenda. Ubaya unaanza pale mkulima wa Njoro au mfanyabiashara wa Bahati anapofanya gari hilo kuwa kipimo chake, halafu anachukua mkopo ili gari lifanane na la Milimani wakati mzigo wake ni wa shambani.

Kwa hivyo tuanze na mzigo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Pikapu nyingi tunazoziona barabarani zimetengenezewa kubeba kama tani moja, yaani magunia 20 ya kisheria. Lakini hiyo tani inahesabu kila kitu, watu wakiwemo. Weka watu watano wa kilo 70 kila mmoja ndani ya dabo kebini, tayari umetumia kilo 350. Zimebaki kilo 650, na hayo ni magunia 13 tu. Kama gunia lenyewe ni lile lililoongezewa kilemba juu, yaani mukurino, hata 13 hayafiki. Pikapu ya kebini moja haina viti vya nyuma vya kujivunia, lakini ina nafasi ndefu zaidi ya mzigo na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Kwa mtu ambaye kazi yake ni magunia, hiyo ndiyo tunayopendekeza.

Pili ni 4x4. Tunajua barabara za ndani za Mau Narok na Kuresoi wakati wa mvua, hakuna wa kutudanganya kwamba hazisumbui. Lakini jiulize, ni siku ngapi kwa mwaka gari lako litakwama kweli? Kama ni siku kumi, na siku nyingine zote uko kwenye lami kati ya shamba na soko, basi unalipia uzito, mafuta na vipuri vya 4x4 mwaka mzima kwa sababu ya siku kumi. Siku hizo unaweza kumlipa mwenye trekta akuvute. Kama ni siku mia moja, sawa, nunua 4x4 na usione aibu. Ila ujue kwamba kwenye pikapu nyingi mfumo huo haufai kuwashwa kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hupigana kwenye kona, na gharama yake utaikuta kwa fundi.

Tatu, injini. Nakuru mjini iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko karibu mita 2,500. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo Molo inaweza kukosa robo ya nguvu zake. Dizeli yenye turbo haiathiriki hivyo. Ukiambiwa injini ndogo ya petroli "inapanda tu", ijaribu kwenye mlima ikiwa na mzigo, si kwenye uwanja wa muuzaji.

Nne, kuvuta. Hapa watu wengi wanakosea bila kujua. Hilux na D-Max za kizazi cha karibuni, matoleo mengi ya dizeli, zimeidhinishwa katika masoko mengi kuvuta hadi kilo 3,500. Hiyo namba ndiyo muuzaji atakuambia. Asichokuambia ni kwamba hizo 3,500 ni za trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, kikomo cha kawaida ni kilo 750. Sasa chukua trela ya tangi la maji la lita 1,000, kama yale tunayoyaona kila siku yakizunguka mitaani. Maji peke yake ni kilo 1,000, hujahesabu chuma cha trela. Umeshapita kikomo kabla ya kuondoka kisimani. Na kumbuka sehemu ya uzito wa trela, kama asilimia 10, hulalia nyuma ya pikapu, nayo inatoka kwenye ile tani moja yako.

Nguvu ya kuvuta kupanda si kitu kikubwa kama uwezo wa kusimama ukishuka. Kila dereva wa hapa anaujua mteremko wa Sachang'wan kushuka hadi Salgaa, na anajua idadi ya watu tuliowapoteza pale. Tabia ya kutoa gia ili kuokoa mafuta imetajwa mara nyingi kwenye ajali za barabara ile. Ukiwa na trela isiyo na breki nyuma, gari halikusaidii, linasukumwa. Kwa hivyo ushauri wetu ni huu: kama una pesa ya ziada, usinunue injini kubwa zaidi, nunua trela yenye breki. Na trela husajiliwa peke yake, ikapewa namba yake inayoanza na herufi Z. Usikubali kuuziwa "trela ya fundi" isiyo na karatasi.

Tano, bima. Ukinunua bima ya kubeba mizigo yako mwenyewe, halafu ukaanza kubeba viazi vya jirani kwa malipo, kampuni ya bima inaweza kukataa kukulipa siku ya ajali. Mizigo ya watu ina bima yake, na bei yake ni tofauti. Uliza kabla, na uandikiwe.

Sasa turudi kwa simu yako, maana jibu la kununua au kutonunua liko humo tayari. Toa taarifa ya miamala ya miezi sita. Tafuta kila malipo uliyomtumia mwenye pikapu ya kukodi. Tuseme, kwa mfano tu, ni mara mbili kwa wiki, shilingi 3,500 kila safari. Hiyo ni 28,000 kwa wiki nne. Kama mkopo wa gari ni 45,000 kwa mwezi, na bado hujaweka mafuta, bima, tairi, ukaguzi wa kila mwaka na kodi ya mapato ambayo KRA huitoza mapema magari ya biashara, basi kukodi si umaskini. Ni hesabu. Endelea kukodi, weka tofauti kwenye akiba, na urudie hesabu msimu ujao. Lakini kama taarifa inaonyesha unakodi kila siku na bado unakosa gari siku za soko, pikapu yako mwenyewe inakungoja.

Tunasisitiza hivi kwa sababu tunaona mwisho wa upande mwingine. Mtu ananunua kwa mkopo wa logibuku, msimu unaharibika, bei ya viazi inaanguka, na gari linachukuliwa usiku. Wengine huuza kipande cha shamba ili kuliokoa. Shamba ndilo lililokuwa linalisha gari, kwa hivyo hapo umepoteza vyote viwili.

Ukiamua kununua, kuwa mwangalifu zaidi. Toyota haikuuza Hilux Japani kati ya 2004 na 2017, na hiyo ni sababu moja kwa nini pikapu nyingi utakazoonyeshwa zimetumika hapahapa Kenya, na huenda zina historia ya mikopo. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, tafuta rekodi ya gari kwenye huduma ya NTSA kupitia eCitizen, uone mwenyewe ni nani. Tangu sheria ya dhamana ya mali inayohamishika ya 2017, kuna pia sajili ya kuangalia kama gari limewekwa rehani. Fanya yote mawili.

Halafu zingatia haya:

Usitume dipositi ya "kushikilia gari" kwa gari usilolishika kwa mkono. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana.

Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo lilingane na jina la kwenye logibuku. Broka akisema "tuma kwa shemeji yangu", funga simu.

Kikomo cha muamala mmoja wa pesa za simu ni shilingi 250,000, na kwa siku 500,000. Muuzaji akikuomba ugawanye milioni mbili kwa namba tano za watu tofauti, huyo hakusaidii. Malipo makubwa yapitie benki. Yakizidi milioni moja, yatumwe kwa RTGS. Simu itumie kwa malipo madogo: fundi wa kukagua, ada ya rekodi, mafuta ya kujaribu.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini ujumbe wa malipo. Angalia salio. Na uhamisho wa umiliki uanzishe mwenyewe kwenye eCitizen pesa ikiwa tayari imeingia.

Tunajua ushauri huu haumfurahishi mtu aliyeshaona dabo kebini akaipenda. Lakini jirani wa Milimani hatakusaidia kulipa mkopo. Leo jioni toa taarifa yako, hesabu safari ulizokodi, hesabu siku za tope, pima trela. Namba hizo nne zitakuambia pikapu gani, au kama bado.