Nuksi Haipigi Simu

Kuna hadithi inayosimuliwa sana huku Kanda ya Ziwa, na kila msimulizi huipa kijiji chake. Askari kanzu ametumwa kumnasa mganga. Anavaa kama mchuuzi wa dagaa, anavuka kwa kivuko kutoka Mwanza mjini hadi Kamanga, anakodi bodaboda kuingia ndani Sengerema, na akifika anajieleza kuwa ni mfanyabiashara aliyefilisika. Mganga anamtazama tu, kisha anamwambia: "Baba, rudi ulikotoka." Tangu siku hiyo kila kitu kinamwendea kombo. Pikipiki inamwangusha. Mtoto anaugua. Shahidi aliyekuwa tayari kusema anakana. Jalada linapotea. Mwishowe yeye mwenyewe anahamishiwa mkoa wa mbali, na kesi inafia hapo. Msimulizi hushusha sauti na kumalizia: wale watu hawachezewi.

Inasisimua, ndiyo maana inasafiri haraka kuliko taarifa yoyote ya polisi. Lakini imebeba imani ambayo nimechoka kuisikia kwa watu ninaowaheshimu, walimu, wahasibu, wazee wa kanisa: kwamba anayewafuatilia waganga wa damu, wale wanaouza dawa za viungo vya binadamu, hupatwa na nuksi. Imani hiyo ni uongo. Tena ni uongo wenye faida, na wanaoifaidi tunaishi nao.

Ihoji hadithi yenyewe, tukio kwa tukio. Jalada halipotei, linatolewa kabatini na mkono wa mtu mwenye ufunguo. Shahidi hakani kwa upepo aliotumiwa, anakana kwa sababu kuna mtu alikwenda kwake usiku, akampa fedha au akamwonyesha panga. Barua ya uhamisho ina tarehe na ina sahihi. Halafu mtoto: aliugua malaria, kama wanavyougua watoto wengi wanaolala kando ya ziwa bila chandarua. Pikipiki iliteleza kwenye kokoto. Sasa angalia kinachotokea ukivitia vyote mfuko mmoja na kuviita nuksi. Ajali na ugonjwa, visivyo na mhalifu, vinavifunika vile vitatu vyenye mhalifu. Hakuna anayeuliza tena ufunguo wa kabati ulikuwa kwa nani.

Hadithi ya askari kanzu huyo husimuliwa bila jina. Nina nyingine yenye jina. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, wakati huo mkuu wa ofisi ya BBC nchini Tanzania, alifanya kweli kazi ambayo wengine huisimulia tu. Watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na viungo vyao vikiuzwa kama dawa ya utajiri. Alijifanya mfanyabiashara mwanamke anayetaka kufanikiwa, akawazungukia waganga wapatao 10. Wapo waliomwahidi dawa iliyochanganywa na viungo vya binadamu, bei ikianzia dola 2,000. Taarifa yake ilipotangazwa mwezi Julai, vitisho vikaanza, akalazimika kujificha.

Hapo ndipo waumini wa nuksi hunikatiza: si unaona, yalimpata! Yalimpata yapi? Alitishiwa kwa simu na kwa ujumbe. Nuksi haipigi simu. Simu hupigwa na mtu aliyenunua vocha dukani, anayeijua namba yako kwa sababu kuna mtu mwingine amempa, na anayekutisha kwa sababu biashara yake imeguswa. Huyo anakamatika. Lakini ukishamwita jini au mkosi, umemwondoa mikononi mwa polisi na kumweka mahali ambapo hati ya kukamatwa haifiki.

Na liko jambo jingine katika safari ile ambalo sijui kwa nini hatulisemi kila siku kwa sauti kubwa. Waganga hawa wanadai kwamba kwenye kioo, au kwenye maji ya kibuyu, wanamwona adui yako akiwa Dar es Salaam akikusemea mabaya. Mwandishi wa habari ameketi mbele yao mkekani, amekuja kuwafichua, wasimjue. Wakampigia ramli, wakamtajia bei. Miaka michache baadaye, mwaka 2011, mwandishi mpelelezi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, alikuja nchini kwa ajili ya filamu ya Al Jazeera akiwa na mkono wa bandia uliotengenezwa ufanane na wa mtu mwenye ualbino, akautumia kumwingia mganga. Mkono wa bandia! Kama macho yao yanapenya ukuta na kuvuka ziwa, yalishindwaje na kitu cha kutengenezwa kilichowekwa mbele yao?

Ntetema hakufa kwa laana. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya ujasiri ya taasisi ya kimataifa ya wanawake katika vyombo vya habari, mwaka 2016 Marekani ikampa tuzo ya wanawake jasiri duniani, na katikati ya miaka hiyo aliongoza nchini kazi za Under the Same Sun, shirika la kutetea watu wenye ualbino lililoanzishwa na Peter Ash wa Canada. Kazi yake iliendelea kwa miaka baada ya vitisho vile. Kwa nini basi vijiweni tunamsimulia askari asiye na jina aliyeshindwa, na huyu mwenye jina, aliyeshinda, hatumsimulii?

Nadhani jibu liko mwaloni na kwenye machimbo. Nuksi na bahati ni bidhaa mbili za duka moja, na huwezi kumuuzia mtu ya pili kabla hujamwaminisha ya kwanza. Mtazame mvuvi wa sangara. Injini ni ya mkopo, mafuta amekopa kwa tajiri mwenye mtumbwi, nyavu zimeibwa wiki iliyopita, na samaki wamepungua kwa sababu wamevuliwa kupita kiasi, wachanga wakikokotwa kwa kokoro. Mtazame mchimbaji mdogo wa Geita, miezi duarani, shimoni mwake, bila kuona dhahabu, huku mwenzake wa duara la jirani, kwenye mwamba uleule, akiondoka tajiri kwa siku moja. Kazi hizi mbili zina kupanda na kushuka kusikoelezeka kirahisi, na humo ndimo mganga alimojipenyeza. Deborah Fahy Bryceson na wenzake waliandika mwaka 2010 jinsi mauaji ya watu wenye ualbino yalivyofungamana na uchimbaji mdogo wa dhahabu na waganga wanaouhudumia. Mganga hulipwa kwanza. Ukipata dhahabu, ni dawa yake. Usipopata, una adui anayekufunga, ulipe tena ufunguliwe. Hakuna biashara nyingine ziwani hapa isiyojua hasara.

Na gharama ya dawa hiyo analipa nani? Analipa mtoto aliyezaliwa bila rangi ya ngozi kwa sababu baba na mama, wote wawili, walimrithisha chembe ileile ya urithi. Analipa pia bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote, na majirani wakayaita macho ya mchawi. Usukumani tumezika wanawake wengi wa namna hiyo, waliokatwa mapanga baada ya ramli kuwataja. Kila ninaposikia kijana msomi akisema "leo nina nuksi" nakumbuka kwamba neno hilo, likifika kwa mganga, linaulizwa swali moja tu: nani kakutupia? Na jina hupatikana siku zote.

Sisi tunaovuka maji kila siku tulipaswa kuwa wa kwanza kuitupa imani hii, kwa sababu tumeonyeshwa mara mbili. Mv Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa watu zaidi ya 800 katika meli iliyojengwa kubeba abiria 430. Mv Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228 katika kivuko cha abiria 101. Nilisikia mazungumzo ya mkosi baada ya misiba yote miwili: meli ilikuwa na jini, kuna mtu alitoa kafara. Hesabu ya darasa la tatu inajibu. Hata yule fundi mitambo aliyeokolewa siku mbili baadaye ndani ya Mv Nyerere, ambaye watu walisema ana nyota kali, aliokolewa na hewa iliyobaki kwenye chumba cha mitambo alimojifungia, pamoja na wazamiaji waliokubali kurudi chini kumtafuta. Wale wazamiaji wanastahili sifa ile tunayompa nyota.

Inaniuma zaidi kwamba fasihi yetu wenyewe ilishatufundisha. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikuanza kwa kumpigia mganga magoti. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alianza na maiti iliyokutwa mzimuni, mahali ambapo kila mtu angesema wa kale wamekasirika. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, hamwachii mzimu lawama. Anamtafuta binadamu, kwa kuuliza nani alikuwa wapi na nani anafaidi. Wasomaji wetu waliipenda. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, hadithi nyingi tunazosambaziana simuni na filamu nyingi tunazotazama zinamleta mpelelezi ili ashindwe, atapike damu, arogwe na mkewe achukuliwe, na mtazamaji aondoke akiwa amejifunza kuogopa. Waandishi na waongozaji wenzangu, tisheni watu kadiri mnavyotaka, hiyo ni kazi yenu. Lakini kila mnapompa mganga ushindi dhidi ya mpelelezi, mnamfanyia tangazo la bure.

Wapo watakaonijibu kwamba naitukana mila. Sikubali. Msukuma anajua dawa, na anajua bahati ya mashindano. Nenda Bujora usikie habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa na Ngika na Gumha, mahasimu waliotumia dawa za kuvuta watazamaji. Lakini dawa hizo hazikumwondolea mchezaji kazi. Ilimbidi abuni mchezo, afunze ngoma, acheze na chatu au fisi, kwa sababu mshindi alikuwa yule ambaye umati ulimkimbilia, na umati unakimbilia kilicho kizuri. Mtu anayekata mkono wa mtoto usiku ili duara litoe dhahabu hana mila ya kunionyesha. Ana mteja.

Serikali imejaribu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga. Machi mwaka huohuo zikapigwa kura za siri, wananchi wawaandike wanaowashuku. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Mwaka 2015 waganga zaidi ya 200 walikamatwa. Sikubaliani na kila hatua, na kura ya siri ilinitia hofu kwa sababu chuki za jirani nazo zinajua kuandika. Ila ilifichua jambo: tulihitaji sanduku na karatasi isiyo na jina kusema tunayoyajua. Woga ule ulikuwa wa watu wenye mapanga. Tuliuita woga wa uchawi kwa sababu kumwogopa mchawi si aibu.

Bado hatujamaliza. Mwaka 2024 wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa umri wa miaka miwili aliporwa nyumbani na baadaye mwili wake ukapatikana. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani alikuwemo baba yake mzazi. Kuamua ni kazi ya mahakama, mimi sihukumu. Ninachouliza ni kile ambacho Bwana Msa angeuliza, na ambacho katika kesi hizi zote tangu 2008 karibu hakijibiwi: nani alikuwa ananunua? Tumewaona wakata viungo kizimbani, tumewaona madalali, mara chache tumewaona waganga. Mwenye fedha, yule wa dola 2,000, mwenye duara au duka au jina la kugombea, hatujamwona. Askari kanzu anayepewa kazi hiyo Sengerema, Geita au Muleba anahitaji mkuu asiyemhamisha akikaribia, shahidi anayelindwa nyumbani kwake usiku, kabati lenye ufunguo mmoja unaojulikana uko kwa nani, na rekodi za simu. Apewe hivyo vinne, kisha atuletee jina la mnunuzi.